Tumbo la Mkwe

Tuseme ukweli, jamani: hakuna mwanamume aliyeumbwa kukaa chooni huku ukoo mzima wa mkewe umejipanga nje ya mlango unamwombea. Lakini huko ndiko fundi wa makochi alikojikuta asubuhi ile, katika choo cha hospitali, suruali magotini, jasho linamtiririka, na chombo cheupe cha plastiki kinamngoja.

"Vipi huko, shemeji?" Huyo alikuwa kaka wa mkewe, wakili.

"Bado."

"Bado kiasi gani?"

"Bado ni bado, shemeji!"

Ukoo huo ulimwita Gunia. Jina alipewa na mama mkwe wake siku ya harusi yenyewe, alipomwona bwana harusi anarudi kuongeza wali wakati wageni wengine wameshaanza kuaga. "Binti yangu hakuolewa na mtu," alisema yule mama, wala hakunong'ona. "Ameolewa na gunia. Unatia, unatia, halijai." Watu wakavunjika mbavu, na jina likaganda. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayependa kula na kulala, na kazi yake ya makochi aliijua. Ila alimwogopa mama mkwe. Alimwogopa kupita mbwa wa jirani. Akisikia tu sauti yake mlangoni, tumbo lilimgeuka.

Na mama mkwe mwenyewe alikuwa dobi. Si dobi wa beseni na kamba. Alikuwa na duka, mashine zinazonguruma, pasi za mvuke, na wasichana wa kazi waliojifunza kupumua kwa adabu. Adui yake duniani alikuwa doa. Ungemwingiza kwenye ukumbi uliojaa watu, angeona tone la mchuzi kwenye shati la mmoja, na shati hilo aghalabu lilikuwa la Gunia. Hakumwambia mwenyewe. Heshima ya mkwe ni kitu kingine, hawazoeani ovyo, kwa hiyo alimpitishia bintiye ujumbe hata kama wote watatu wamekaa kochi moja.

"Mwambie mumeo ana mchuzi kifuani."

"Mume wangu, una mchuzi kifuani."

"Mwambie mama nashukuru."

Ndivyo walivyoishi miaka yote hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Sasa, ugonjwa ulianzia kwenye jino. Mama alipewa antibayotiki kali, akazimeza zote kwa nidhamu yake ileile ya kupiga pasi. Dawa zikaua bakteria wa jino. Halafu zikaingia tumboni zikaua na wengine, wema kwa wabaya, akabaki mmoja sugu, asiyekufa. Huyo akajikuta peke yake kwenye nyumba kubwa isiyo na mwenyewe. Akafanya nini? Akazaana. Mama akaanza kuharisha. Wakampa dawa nyingine, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Wakaongeza, ukarudi kwa kishindo. Mwanamke aliyekuwa anabeba furushi la mashuka ya hoteli begani akawa hawezi kuinua kikombe cha chai. Hamu ya chakula ilimtoka kabisa, na akikiona tu anageuza uso ukutani.

Ndipo daktari wa matumbo alipoiita familia. Alikuwa mwanamke kijana, mtafiti, mwenye miwani mikubwa na furaha isiyo na kiasi kila akitaja kinyesi. Lakini siku hiyo alianza bila kutabasamu. "Dawa zimeshindwa," alisema. "Ugonjwa huu ukirudi tena, sitawaficha, mama hataweza. Ila kuna tiba ambayo watafiti wameishughulikia miaka hii ya karibuni, na wengi wamepona. Tunachukua bakteria wazuri kutoka tumboni mwa mtu mwenye afya, tunampandikizia mgonjwa. Wale wazuri wanajaa kila kona, yule mbaya anakosa pa kukaa."

"Na hao wazuri mnawatoaje?" wakili akauliza.

"Wanatoka wenyewe," daktari akasema. "Kila asubuhi."

Mama mdogo, yaani mdogo wake mgonjwa, akaanza kuchunguza dari.

"Yaani," mama mkwe akasema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo lakini yenye makali, "maisha yangu yote nimekitoa hicho kitu kwenye nguo za watu. Leo mnataka kunitia mimi?"

"Kinachujwa, mama. Kinapitishwa kwa mpira mwembamba, wewe umelala usingizi wa dawa. Huoni wala husikii."

"Kikichujwa kinakuwa nini?"

Daktari akafikiri. "Kinakuwa kimechujwa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama aliwatazama wanawe, akauona woga machoni mwao, akakubali. Ila kwa sharti moja: kitoke kwa mwanawe wa kwanza, wakili, kwa kuwa yeye angalau amesoma.

Wakapimwa wote. Weee! Wakili aliyesoma alikuwa anameza antibayotiki kila akipiga chafya, na tumbo lake, daktari alisema kwa huzuni, lilikuwa uwanja mtupu. Binti alikuwa ametoka kutibiwa koo kwa dawa hizohizo. Mama mdogo alikutwa na mdudu ambaye hata yeye hakujua anaishi naye. Akabaki Gunia, aliyekuwa amekuja kama dereva tu. Gunia hakuwahi kumeza kidonge tangu azaliwe, kwa sababu vidonge vilimkwama kooni, na alikula kila kitu kilichowahi kupikwa.

Daktari alirudi na majibu anakaribia kucheza. "Mnajua mna nini kwenye familia hii? Huyu si mtu wa kawaida! Humu tumboni ni msitu! Kuna bakteria nimewasoma vitabuni tu!"

Gunia akainamisha kichwa, aibu nusu na fahari nusu. Wote wakamgeukia mama. Mama alitazama ukuta muda mrefu mpaka mtu angedhani amelala.

"Mwambie mumeo," akamwambia bintiye hatimaye, "nimekubali. Lakini siku hiyo asile maharage."

Basi ndiyo siku yenyewe hii. Na tatizo ni kwamba siku zote za vipimo Gunia alitoa bila taabu, tena akirudi anapiga mluzi. Leo mzigo ulitakiwa uwe wa asubuhi hiyohiyo, ufike maabara bakteria wangali hai. Mama alishasafishwa tumbo, alishaandaliwa, yuko tayari kwenye chumba cha pili. Daktari alikuwa amesema mbele ya wote: ikipita saa sita, chumba cha upasuaji kinapewa wengine, "na mwili wake hautastahimili kuandaliwa mara ya pili." Gunia aliyasikia maneno hayo, akaingia chooni, na tumbo lake likafunga kama duka siku ya sikukuu.

"Mpeni maji ya moto!" mama mdogo akapaza sauti nje. "Mpitishieni papai chini ya mlango!"

"Papai halipiti chini ya mlango, mama mdogo."

"Likatwe!"

"Shemeji," wakili akasema kwa sauti yake ya mahakamani, "funga macho. Fikiria mto."

"Mto gani?"

"Mto wowote! Unatiririka!"

"Mume wangu," mkewe akamsihi, na sauti ilikuwa na machozi, "jikaze kisabuni."

"Nikijikaza ndiyo naharibu kabisa!"

Mama mdogo akaona maneno hayasaidii, akaanza wimbo wa kuabudu, anapiga makofi. Nesi aliyepita akadhani kuna msiba, akawapa pole. Ndani, Gunia alifunika masikio kwa viganja na kuomba ardhi ipasuke immeze, yeye na chombo chake.

Halafu kelele zikakatika ghafla. Likasikika gurudumu linalolia, polepole, linakuja.

"Ondokeni hapa wote," ilisema sauti. "Mtu anakwenda haja mnamwimbia? Mmerogwa?"

Nyayo zikasogea mbali. Kiti cha magurudumu kikasimama mlangoni. Gunia aliacha kupumua.

"Mkwe wangu," mama akasema.

Kumbuka, hawakuwa wamewahi kuzungumza ana kwa ana. Gunia aliangalia huku na huku kana kwamba kuna mkwe mwingine humo chooni. Kisha malezi yakamshinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaogopa nini?"

Gunia akajaribu kunyamaza, akashindwa. "Naogopa utakufa, mama. Nisipoweza, utakufa. Wanangu wataniuliza bibi yuko wapi, niwaambieje? Kwamba baba yenu alishindwa kwenda chooni?" Akaanza kulia, mtu mzima, mikono usoni.

Sauti ya mama iliporudi ilikuwa laini kuliko alivyowahi kuisikia. "Wewe ni mtu mwema. Umemtunza binti yangu. Sijawahi kukwambia, na ni vibaya kwamba sikukwambia."

Hapo ndipo Gunia alipolia kwa kwikwi. "Mama, usiseme hivyo, nakuomba! Ukiniambia maneno mazuri nalia, na nikilia kila kitu kinazidi kufunga!"

Mama akatafakari. Alikuwa mgonjwa mahututi, lakini alikuwa pia mfanyabiashara aliyezoea kutafuta dawa ya kila doa. Akavuta pumzi yote aliyobaki nayo.

"Basi nisikilize, wewe Gunia!" akafoka, na ukumbi mzima ukashtuka. "Ulikuja kuposa kwangu na shati lina mafuta ya baiskeli! Nikanyamaza! Siku ya harusi umekula mpaka mpishi akaniomba radhi! Nikanyamaza! Ukanitengenezea kochi, na kila nikikaa linatoa mlio, wageni wanatazamana, wanadhani ni mimi!"

"Samahani, mama!"

"Sijamaliza! Mwaka mzima wageni wangu hawakai karibu nami! Na sasa naletwa hapa nusu maiti, nakuomba kitu kimoja tu, kitu ambacho hata mtoto mchanga anafanya bila kufundishwa, unanililia?"

Gunia akahisi jambo. Tumbo lake, lililogeuka miaka yote kila likisikia sauti hiyo, lilikuwa linageuka. "Mama," akasema kwa hofu na matumaini, "endelea."

"Unanipangia cha kusema?"

"Hapana, mama! Endelea hivyohivyo!"

"Na lile zulia langu! Unadhani sikuona? Niliona! Ulimwaga supu ukalisogeza kochi juu yake! Miaka yote hiyo kochi langu liko katikati ya sebule kama kituo cha basi!"

Sijui kama ni zulia au ni kituo cha basi. Ninachojua ni kwamba dakika chache baadaye mlango ulifunguliwa, nesi akapokea chombo kwa mikono miwili, na vigelegele vilivyopigwa na mama mdogo vilifika wodi ya wazazi. Nesi akakimbia. Watu ukumbini wakajibana ukutani kumpisha. Mzee mmoja akavua kofia kwa heshima bila kujua ni nini kinachopita. Daktari alikipokea mlangoni mwa maabara, akafunua, akachungulia, akasema, "Maridadi!" Na mama, aliyekuwa amemaliza nguvu zake zote kwenye zulia, akasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji huku kichwa kimemwangukia begani.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Daktari alikataa kuahidi. Alisema bakteria wameingia, lakini kuota ni shauri lao. Kwa wengine wanashika, kwa wengine wanakataa. Gunia hakukanyaga wodini. Alijifungia karakana anapigilia misumari kwenye kochi moja mpaka mteja mwenyewe akaja kumwomba apumzike. Kila simu ikilia alidhani ndiyo ile ya msiba. Mwishowe mkewe akamshika mkono na kumburuta mpaka hospitali, akamsukuma ndani ya pazia, akamwacha hapo.

Mama alikuwa ameegemea mito. Alikuwa amekonda sana, macho makubwa usoni. Alimtazama Gunia kuanzia viatu hadi shati. Shati lilikuwa safi. Mkewe alilikagua mara mbili.

"Keti," akamwambia.

Gunia akaketi ukingoni mwa kiti. Mtu na mama mkwe wake, baada ya yale, waanzie wapi?

"Mdogo wangu anawatangazia watu," mama akasema, "kwamba sasa mimi na wewe ni damu moja."

Gunia akakuna shingo. Alikuwa mkweli mno kwa faida yake mwenyewe. "Mama," akasema, "si damu hasa."

Mama akamkodolea. Kisha mdomo ukamcheza pembeni, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa kisicho na adabu, mpaka chupa ya dripu ikayumba kwenye nguzo yake. Gunia naye akacheka, mwanzo kwa woga, kisha bila breki. Wagonjwa wa vitanda vingine wakawageukia.

Ghafla mama akanyamaza, mkono umeshika tumbo. Gunia akaganda. Wote wawili walijua kinachofuata. Miezi yote hiyo, kucheka hivyo au kukohoa tu kungemfanya akimbizwe chooni. Wakangoja. Hakikuja kitu. Wakangoja tena. Kisha, chini ya shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, pakasikika mngurumo mrefu.

"Tumbo hilo ni lako au ni langu?" mama akauliza.

"Lako, mama."

Mama alilisikiliza, uso umejaa mshangao, kama mtu anayegongewa mlango na mgeni aliyedhaniwa amekufa. Machozi yakamjaa. "Mkwe wangu," akasema, "nina njaa."

Gunia akasimama na kutoka mbio kuelekea jikoni kwa hospitali, anawapiga vikumbo manesi, analia kwa sauti huku akimwita mkewe. Aliporudi alikuwa na uji bakuli mbili, na mama alimsogezea kiti karibu na kitanda kwa mkono wake mwenyewe.