Kinyesi cha Valentine

Yule kijana alipanda kilima chetu cha Gwassi akiwa na glavu mkononi na kiboksi cha barafu begani. Akanikuta nikilisha mbuzi, akaniamkia vizuri, akaomba kinyesi chao. Siku hiyo nilikuwa nimeshiba, na nikishiba mdomo wangu hauna breki.

"Mama yako alikusomesha miaka yote hiyo uje kushika mbuzi matako?"

Akacheka. Akanieleza kwamba tumboni mwa mnyama mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kwenye milima mirefu kabisa, kwenye baridi kali na hewa hafifu, vingine humsaidia mnyama kukamua nguvu katika majani magumu. Alitaka kujua kama hata kilima kama chetu kinabadilisha tumbo la mbuzi aliyetoka ziwani.

"Basi mchukue Valentine. Aliletwa Februari kutoka Karungu, kule ziwani. Alikonda mpaka nikanoa kisu. Sasa mwone, anaruka mawe kama mwenyeji!"

Macho yake yakawaka. "Huyo ndiye ninayemtafuta! Nitamhitaji kila mwezi, mama."

Valentine hakubali kushikwa na mtu mwingine. Nikamkamata pembe, kijana akapiga magoti nyuma, kidole kikaingia.

"Polepole, si mkeo huyo! Au bado hujaoa? Siku ya kwenda kwa wakwe, mkono huo uuache nyumbani!"

Alicheka mpaka machozi. Kisha akaliona sikio la Valentine, lenye ncha iliyokatwa, na kicheko kikakatika.

"Mama, mbuzi huyu ulimpata kwa nani?"

"Kwa kitinda mimba wangu, Liz, mwalimu kule Migori. Mchumba wake ndiye aliyemnunua. Mimi simjui, hajaja kujitambulisha."

Akachomoa kidole taratibu. Akatazama chini.

"Sikio hilo nililikata mimi."

Kwetu Waluo, na kwa Wakisii, kabila lake, vilevile, mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo, sembuse utani. Nami nilikuwa nimesema nini? Nikajifunika leso uso mzima, nikaachia pembe, nikakimbilia kichakani. Valentine naye akakimbia.

Jioni Liz akapiga simu.

"Mama, ulimwambia nini Mokaya? Anasema harudi huko. Hata wazee wake wa kuja kuposa amewaambia wasubiri kwanza."

"Nilimsalimia tu."

"Mama!"

Nilikuwa peke yangu nyumbani, lakini uso uliniwaka kama nimekaa mbele ya jiko.

"Mwambie aje," nikasema mwishowe. "Hatanisikia."

Mwezi uliofuata alikuja. Nilimpa mgongo, leso kichwani, pembe mkononi. Nikasikia kiboksi kikiwekwa chini, glavu ikivutwa. Hatukusalimiana. Valentine akatoa mlio, na utani mtamu sana ukanipanda mpaka kooni. Nikaumeza. Vijidudu vyangu huko chini vitajua la kuufanya.

"Mama," akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "wazee watakuja Desemba."

Nikaitikia kwa kichwa. Hata "karibuni" niliogopa kuisema, nisije nikaongeza neno.