Mikono Haina Kosa

Miaka mitatu mfululizo keki za wasichana wa darasa la sita, pale shuleni Temeke, zililala chini kama chapati. Na miaka mitatu mkaguzi Mzungu, Memsahibu Pelham, aliandika maneno yale yale katika taarifa yake: wasichana hawa wana mikono mivivu, hawakorogi unga sawasawa.

Mwaka 1953 taarifa hiyo ilisomwa mbele ya darasa. Mwalimu mkuu, Bwana Albano, aliisoma kwa Kiingereza, kisha akaieleza kwa Kiswahili huku akitazama dirishani. Alipomaliza, Mwanaheri binti Nassibu alisimama bila kuitwa.

"Mwalimu, mie kila siku kabla sijaja shule nimeshatwanga mchele na nimeshachota maji ndoo nne. Mama yangu anauza vitumbua Chang'ombe, na mkorogaji ni mie. Mbona vile vinaumuka? Mikono si hii hii?"

"Kaa chini," akasema Bwana Albano.

"Nakaa, Mwalimu. Lakini swali halijakaa."

Wenzake wakacheka. Mwalimu Tekla, aliyekuwa amesimama nyuma ya darasa, hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Newala, na pale shuleni alifundisha maarifa ya nyumbani. Shule ya wavulana ng'ambo ya barabara ilikuwa na kabati zima la vipimajoto na vyombo vya kioo. Tekla aliwahi kuomba wasichana wake walitumie mara moja kwa juma, akajibiwa kwamba wao wana majiko na cherehani, hivyo vinawatosha.

Basi akafundisha kwa vilivyokuwepo. Wasichana wakaotesha kunde katika makopo, mengine dirishani, mengine gizani ndani ya kabati la vitambaa, wakapima miche kila asubuhi. Walifunga jiwe kwenye uzi, wakaliachia libembee, wakahesabu. Wakafupisha uzi, wakahesabu tena. Walitia maji ya majivu ndani ya maji mekundu ya maua ya choya, wakapiga kelele rangi ilipogeuka. Katika ratiba ya ukutani yote hayo yaliitwa Usafi wa Nyumba.

Siku ile, baada ya masomo, Tekla alimwita Mwanaheri.

"Umesema mikono haina kosa. Kosa liko wapi?"

"Kwenye beking pauda. Lile kopo kubwa lililotoka ofisini kwa wakaguzi limeshika kutu mpaka kwenye mfuniko."

"Hayo ni maneno. Mkaguzi ana maneno yake, wewe una yako, na yake yamepigwa chapa. Yajaribu."

Tekla akanunua kopo jipya dukani Kariakoo. Mwanaheri na rafiki yake Anjelina wakapika keki mbili ndogo ndani ya makopo ya samaki, moja kwa pauda ya ofisini, moja kwa pauda mpya. Ya pili iliumuka vizuri. Darasa zima likashangilia.

"Nyamazeni kwanza," akasema Tekla. "Hii imekorogwa na nani? Na hii?"

Kila moja ilikuwa na mkorogaji wake.

"Basi Memsahibu atasema huyu mvivu na huyu hodari. Na hatutakuwa na la kumjibu."

Wakarudia, Mwanaheri akikoroga zote. Safari hii kopo moja lilikaa pembeni, mbali na mkaa, likatoka bichi. Wakarudia tena. Wakapima unga kwa kijiko kimoja, wakahesabu mizunguko ya mwiko, wakaongeza na kopo la tatu lisilotiwa pauda kabisa. Ikapita wiki nzima ya kula keki mbovu.

Ni Anjelina aliyeona kasoro ya mwisho. "Mwanaheri anaijua yenye pauda ya dukani," akasema. "Anaikoroga kwa mapenzi. Zile nyingine anazikoroga kama anazilaani."

Mwanaheri akakiri. Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo, Anjelina peke yake alichanganya unga mkavu na kukwangua alama chini ya kila kopo: mstari mmoja, miwili au mitatu. Mkorogaji hakujua lipi ni lipi.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa mwaka huo, Bwana Albano aliingia jikoni, akayaona makopo.

"Mwalimu Tekla, kesho wapike kama ilivyoandikwa kitabuni. Nakuomba. Mimi nina watoto saba."

"Watapika kama ilivyoandikwa. Halafu watauliza."

"Hatutakiwi kumuuliza."

"Nani alisema hatutakiwi? Mimi sijaiona barua hiyo."

Mkaguzi, Memsahibu Pelham, alifika saa tatu asubuhi. Alikijua Kiswahili vizuri. Alitazama keki za mtihani zilizolala, akachukua kalamu yake. Kabla hajaandika, Mwanaheri akasogea mbele.

"Shikamoo, Memsahibu. Tunaomba ukoroge wewe."

Bwana Albano akafuta jasho shingoni.

"Nikoroge nini?"

"Makopo haya matatu. Unga ni mmoja, maji ni yale yale, mizunguko hamsini kila kopo. Mwenye kujua kilichomo ni Anjelina, na yuko nje. Hata mie sijui."

"Na ya nini yote haya?"

"Imeandikwa kwamba mikono yetu ni mivivu. Tunataka kuona yako itafanyaje."

Memsahibu Pelham alimtazama Tekla, na Tekla hakushusha macho. Kukataa mbele ya wasichana thelathini kungekuwa vigumu kuliko kukubali. Akavua saa, akakunja mikono ya gauni, akakoroga. Alikoroga vizuri, hilo hakuna aliyelikana. Makopo yakaingia ndani ya sufuria moja, mkaa chini na juu, na wasichana wakawa wanayazungusha kila baada ya dakika tano ili moto uyafikie sawa.

Yalipotolewa, moja lilikuwa limefura mpaka juu ya ukingo. Mawili yalikuwa yamelala.

Anjelina akaitwa. Akaligeuza la kwanza kwa kitambaa. "Mstari mmoja. Hili halikutiwa pauda." Akageuza lililofura. "Miwili. Pauda ya dukani." Akashika la mwisho, lililolala. "Mitatu. Pauda ya ofisini."

Mwanaheri hakucheka wala hakupiga makofi. Alisema tu, "Mikono ilikuwa ile ile, Memsahibu. Mikono yako."

Mkaguzi akavaa saa yake, akaondoka bila kuonja.

Baada ya wiki mbili gari la ofisini lilishusha kopo jipya la pauda, bila hata neno la maelezo. Barua mbili zikafuata. Ya kwanza ilimhamisha Mwalimu Tekla kwenda shule ndogo ya Kibamba, kwa kufundisha yasiyo katika ratiba. Ya pili ilimtaka Mwanaheri aandike kuomba radhi.

Tekla alifunga kisanduku chake siku hiyo hiyo. Mwanaheri alilia, yeye hakulia. "Wakikuuliza nani alikufundisha," alimwambia, "usinifiche."

Mwanaheri aliandika barua yake kwa siku tatu. Alieleza unga, maji, mizunguko, alama na moto, na matokeo ya majaribio yote, hata yale yaliyoharibika. Mwisho akaandika: "Kama kuna kosa katika jaribio hili, tunaomba tuonyeshwe, nasi tutalirudia. Kama hakuna, mie sina cha kuombea radhi."

Bwana Albano aliisoma mara mbili.

"Unajua hii inaweza kukukosesha nafasi ya darasa la saba?"

"Najua, Mwalimu."

"Na bado unataka iende?"

"Iende."

Bwana Albano akavuta muhuri wa shule, akaugonga kwa nguvu hata wino ukaruka. Chini ya jina la Mwanaheri, kwa mwandiko wake mzuri wa pole pole, akaandika na la kwake.