Mdogo Wake Kichwani

Asubuhi ile daktari wa ubongo alibandika picha ya kichwa cha Mama Pindo kwenye kisanduku cha taa, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ubongo ni mzima," alisema. "Ila kuna mwanamke ameketi hapa, kwenye sehemu inayoongoza mkono wa kulia. Amevaa gauni la maua, anakohoa."

"Ni mdogo wangu," alijibu Mama Pindo. "Gauni nilimshonea mwenyewe."

"Basi hilo si langu. Nenda kwa mshauri."

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Tangu moto uteketeze kibanda chao na kumchukua mdogo wake, mkono ulikataa mkasi. Akiugusa tu, vidole vinatetemeka.

Washauri walikuwa jengo la pili. Mlango wa katikati ulipigwa kufuli zamani, maana kila idara ilikuwa na bosi wake, kwa hiyo wagonjwa walizunguka nje, juani, picha za vichwa vyao kwapani ndani ya bahasha.

Mshauri, dada mpole, hakuitazama picha. "Mambo ya mashine ni ya daktari, mama. Huku tunazungumza tu."

"Na huyu anayekohoa?"

"Muulize daktari."

Wakamzungusha kama pia. Siku moja akachoka, akaketi chini uani, kati ya majengo mawili, akapaza sauti: "Kichwa ni kimoja! Njooni nyote wawili, la sivyo sibanduki!"

Wakaja, kila mmoja akimsindikiza mwenzake kwa jicho la pembeni. Daktari akainua picha kwenye mwanga wa jua. Mshauri akachuchumaa.

"Siku ile ilikuwaje, mama?"

Mama Pindo aliutazama mkono wake wa kulia. "Niliunyakua mkasi kwanza. Nilipogeuka nimshike yeye, dari imeshashuka."

Ndani ya picha, marehemu akainua uso. Daktari akatega sikio.

"Anasema alikuwa ng'ambo ya moto, usingemfikia," alisema, kama anayesoma majibu ya damu. "Anasema pia hapo alipo hapakaliki kwa kutikiswa."

Mama Pindo akacheka huku analia. "Hajaacha kulalamika!"

"Ahamie wapi?" mshauri alimuuliza daktari.

Daktari akaonyesha kwa kidole. "Kumbukumbu hukaa huku ndani. Pana nafasi."

"Hamia huko, mdogo wangu," alisema Mama Pindo. "Sikufukuzi."

Marehemu akakusanya gauni lake. Alihama taratibu, kadiri dada yake alivyozungumza na mshauri wiki baada ya wiki, na daktari akimfuatilia kwa picha. Alipofika, kikohozi kilikuwa kimekwisha, na Mama Pindo alikuwa anakata vitambaa bila kuyumba.

Mlango wa katikati haukufunguliwa. Uongozi uliongeza kufuli la pili, ukabandika tangazo kwamba kuketi uani ni marufuku.

Siku ya kliniki yake ya mwisho, Mama Pindo alimkuta mzee ameketi palepale uani, bahasha mapajani. Ndani ya bahasha mtu alikuwa akilia kwa kwikwi.

"Shikamoo, baba. Umewaita?"

"Marahaba. Nimewaita, mwanangu. Kimya."

"Umewaita kwa upole," alisema, akaketi kando yake, akavuta pumzi, wakaita pamoja.