Siku ya Ajira Pale Mwanga

Asubuhi ya siku ya ajira Leonia alipiga pasi blauzi yake ya rangi ya maziwa, akamwachia binti yake Merina uji kwenye chupa ya chai, akatoka Ujiji kwa miguu hadi ukumbi wa Mwanga. Alisugua kucha kwa ndimu, lakini grisi ilikuwa imekwisha kuzoea makazi yake, haikutoka.

Ilikuwa miaka ile ambayo wakimbizi walishuka Kigoma kutwa kucha, na mashirika yaliyokuja kuwahudumia yaliona aibu kidogo kwa wenyeji wasio na kazi. Shirika moja likaanzisha mafunzo ya ufundi wa injini za boti. Leonia alijiandikisha siku ya kwanza, mwanamke pekee. Mume wake, Elikana, alikuwa amekufa maji upande wa Mwamgongo baada ya injini kuzimika katikati ya ziwa. Mwili haukuonekana, matanga yakakaliwa bila jeneza. Wanaume darasani walimcheka mpaka walipochoka. Akafaulu, akapewa cheti.

Sasa waajiri walikuwa wamepangiwa meza zao ukumbini, na mwalimu wa mafunzo, Mama Honorata, alikuwa akiwapanga waombaji kwenye mabenchi. Saa tatu hivi wakaingia waliokufa maji.

Walikuja kwa utaratibu, wamepanga mstari. Mlinzi aliwaomba wakamue mashati nje wasiharibu sakafu, nao wakakamua. Watu wa Mwanga waliwatazama, wakaulizana kama ni misukule, wakaona siyo, maana msukule hasemi na hawa walikuwa wakisalimia. Mama Honorata alisikitika kwamba mabenchi yamejaa. Wakamwambia wamezoea kusimama.

Elikana alikuwa wa nne kutoka mbele. Leonia alimwendea.

"Umekonda, Baba Merina."

"Maji," alisema Elikana. "Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Nani kawaambia habari za huku?"

"Lile gari la matangazo lilipita ufukweni. Kule chini spika inasikika vizuri kuliko huku. Kule hakuna kazi, mtu unakaa tu."

Leonia alitaka kumuuliza mengine, lakini jina lake likaitwa.

Mwenye meza alikuwa Bwana Wilfred, mtu wa kuja, mwenye kampuni iliyokodishwa kuwavusha wakimbizi ziwani. Alikisoma cheti cha Leonia chote, akakisifia. Kisha akauliza kama anaogopa maji.

"Naogopa kiasi," alisema Leonia. "Asiyeogopa maji hayajui."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Wewe utataka jaketi la kuokolea. Utataka boti ipakie watu kiasi. Ukipata tatizo mimi nigharamie maiti mpaka kwenu." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza bei ya saruji. "Hawa wenzako yamekwisha kuwapata. Hawana cha kuogopa, wala hawali."

Akawachukua wote waliokufa. Elikana akapewa ufundi wa boti kubwa, nafasi ileile aliyoiomba mkewe.

Jioni Elikana alifika nyumbani. Merina alimwamkia shikamoo, akaitikia, akamshika kichwa, na nywele za mtoto zikabaki zimelowa. Leonia alimwekea ugali na migebuka. Akautazama ugali kwa heshima, hakuugusa.

"Kaikatae hiyo kazi," alisema Leonia. "Nimeisomea mimi. Wewe huna tumbo la kulisha, mimi nina hili langu na la mtoto."

"Nikikataa, Bwana Wilfred atampa ufundi Heritier, tuliyekuja naye mstarini. Naye kafa kama mimi."

"Basi angalau leta mshahara."

"Wametuambia mshahara ni wa watu wenye mahitaji. Mama Merina, usinikasirikie. Nikiwa na spana mkononi, baridi inapungua."

Leonia aliikasirikia spana, akamkasirikia na yeye, kisha akaona aibu, maana hata mumewe alipokuwa hai, yeye hakuwahi kumkatalia kitu cha kumtoa baridi. Alimsindikiza hadi njiani. Kesho yake akaanza kukaanga mihogo na kuiuza karibu na gati, pale ambapo angeweza kuwaona Elikana na wenzake wakitoka.

Mabaharia wale walikuwa hodari, hilo kila mtu alikiri. Hawakuchelewa, hawakuugua. Boti iliyokuwa ikibeba watu sitini ikaanza kubeba mia, baadaye watu wakaacha kuhesabiwa. Majaketi ya kuokolea yakaondolewa, kwa kuwa hakuna baharia aliyeyahitaji, na nafasi yake wakakaa watu. Leonia alimwambia mumewe injini ile inalia vibaya. Elikana akasema anajua, amesema, na Bwana Wilfred amemjibu: "Kwani wewe unaogopa nini?"

Boti ikazama mchana kweupe, ng'ambo wanaiona na huku wanaiona.

Mabaharia walirudi siku ya pili yake kwa kutembea chini ya ziwa, wakaripoti kazini. Elikana alikuwa na kiatu cha mtoto mfukoni. Alikaa mlangoni kwa Leonia mpaka giza likaingia, naye Leonia akakaa karibu yake, kanga yake ikalowa. Bwana Wilfred alitoa pole redioni, akapewa boti nyingine.

Mwaka uliofuata ikafanyika siku nyingine ya ajira, kubwa kuliko ya kwanza. Foleni ilitoka ukumbini ikakunja kona ya soko. Leonia alikaa tena mbele ya meza ileile.

"Cheti bado ni kizuri," alisema Bwana Wilfred. "Umeshakufa, mama?"

"Bado."

Akamrudishia cheti kwa mikono miwili, akamwomba asikate tamaa.

Leonia alipotoka, mwanamke mmoja wa Kikongo alimsimamisha mlangoni. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika, na mgongoni alikuwa na mtoto aliyenyamaza, mguu mmoja una kiatu, mmoja mtupu.

"Dada, ni hapa wanapoandika watu kazi?"

"Ni hapa."

"Wageni nao wanachukuliwa?"

Leonia alimtazama yeye, akamtazama mtoto.

"Ninyi mnachukuliwa."

"Na huyu sina wa kumwachia."

"Ingia naye," alisema Leonia. "Hata yeye hatakosa kazi."

Mwanamke akashukuru sana, akampandisha mtoto mgongoni vizuri, akaingia.