Baiskeli Iliyopanda Mlima wa Mikaratusi

Kwenye barabara ya Mabamba kuna mlima wa Mikaratusi, na hakuna mtu aliyewahi kuupanda na mzigo akiwa amekaa juu ya baiskeli. Ukifika chini unashuka, unakunja suruali na kusukuma huku ukiutukana mpaka kileleni. Bazilio aliutukana hivyo miaka mingi, akibeba ndizi za watu kwenda Kibondo. Kisha gogo likamwangukia, mguu wa kushoto ukapona vibaya, ukakauka. Baiskeli aliweza kuiendesha. Kuisukuma mlimani hakuweza tena.

Akawa anashinda mlangoni kwa kaka yake Sylvesta, fundi baiskeli wa kijiji kilicho juu ya mlima huo, kimya kama mzigo uliosahauliwa. Kimya kile kilimkera Sylvesta kuliko kelele. Mwisho akasema liwalo na liwe.

Alikuwa na baiskeli kuukuu ya gia, ya kizungu, aliyoinunua kwa Mkongo mmoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Gia zilikuwa zimekufa lakini fremu ilikuwa nzima. Rashid, mwenye duka la vipuri Kasulu, akamwagizia gurudumu la nyuma lenye mota ndani yake. Betri aliiunda mwenyewe kwa betri ndogondogo za kompyuta mbovu, akiziunga kwa lehemu hadi moshi ukamwachia kikohozi kikavu, ambacho akikimbia kidogo tu kinamshika. Siku moja betri moja ilimlipukia mezani. Ilitoa moshi mweupe na harufu tamu ya kichefuchefu ambayo hakuisahau. Tangu hapo akawa anaogopa maji na vumbi, akatafuta kisanduku cha kuzihifadhi. Siti, muuguzi wa zahanati, akampa kisanduku cha buluu cha kubebea chanjo kilichovunjika bawaba. Ubavuni kilikuwa kimeandikwa jina la zahanati kwa herufi kubwa. Sylvesta aliwaza kuyapaka rangi maandishi yale, kisha akayaacha. Aliona yanapendeza, mjinga yule.

Baiskeli ilikamilika jioni ya Jumanne, na nyumbani kwao pekee ndiko walikojua. Jumatano alfajiri Bazilio akateremka nayo kwenda Mabamba kuchukua ndizi, akicheka peke yake barabarani.

Asubuhi hiyohiyo ikagundulika kwamba betri ya sola ya zahanati haipo. Herieth, mke wa Sylvesta, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, na mwanamke wa mwisho kujifungulia gizani pale nusura atokwe na damu yote. Alipomletea mumewe habari hiyo, Sylvesta aliitupa spana chini.

"Nikimpata huyo mtu, hanijui!"

Herieth akamwambia, "Mwombe Mungu asiwe wa hapahapa."

Mchana yowe likapigwa mlimani. Kijiji kile kina sheria yake ya yowe, na haijaandikwa popote. Kila nyumba itoe mtu, na kila mtu aje na kitu mkononi. Mwizi anavikwa gunia kichwani ili macho yake yasimkumbuke mtu, na kila anayefika anapiga, ili asipatikane wa kwenda kusema. Asiyepiga ni mwenzake mwizi. Sylvesta aliiona sheria hiyo ni nzuri, na yeye mwenyewe alijiona ana huruma. Siku zote alikuwa akipiga miguu tu. Alisema mwizi wa kuchechemea ni bora kuliko mwizi wa kuzikwa.

Akachukua nondo na kuteremka mbio, kikohozi kimemshika, hasira imemjaa hadi masikioni. Watu walikuwa wamesongamana kando ya mtaro. Katikati yao mtu alikuwa amelala kwenye matope, gunia kichwani, damu ikipenya kwenye nyuzi zake. Jiwe la kwanza lilikuwa limempata mdomoni, hivyo sauti yake ilitoka kama ya mtu anayesukutua. Fimbo zilimwangukia mgongoni, mtu akamkanyaga mkono, mwanamke mmoja akampiga kwa mpini wa jembe na kurudi nyuma analia.

Nicodemus, mkuu wa ulinzi wa kijiji, akapaza sauti. "Yewe Sylvesta! Mwizi wa betri huyu! Pitisha mkono wako!"

Sylvesta akasonga mbele akikohoa. Mguu mmoja wa mtu yule ulikuwa umelala. Mwingine ulianza kutapatapa, ukipiga matope kwa nguvu. Akaulenga huo unaotapatapa, akanyanyua nondo kwa mikono miwili, akashusha. Mfupa ukalia. Mguu ukatulia.

"Safi," alisema Nicodemus.

Nyuma yao, mtaroni, kijana mmoja akakipasua kisanduku cha mwizi kwa jembe. Kikafoka. Moshi mweupe ukaruka, kisha miali ya moto, vishindo vikifuatana. "Bomu! Bomu!" Kijiji kizima kilitawanyika, fimbo zikabaki chini. Nicodemus naye alitimua mbio.

Sylvesta hakukimbia. Harufu tamu ile ilikuwa imemfikia puani. Alitazama mtaroni, akaona kisanduku cha buluu kinayeyuka, mikungu ya ndizi inaungua, na gurudumu la nyuma lenye mota alilolikaza kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga magoti, akamvua gunia.

Alimbeba mgongoni mpaka juu ya mlima, akilia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Gari la mihogo likawafikisha hospitali Kibondo.

Siti alikuja kuwaona siku ya tatu, akashindwa kukaa. Alisema betri ya zahanati haikuibwa. Fundi wa sola aliichukua alfajiri kwenda kuitengeneza, akamwambia mlinzi, na mlinzi akaenda zake kulala. Na pale mlimani watu walimwona mtu anapanda amekaa, miguu haikanyagi, na kisanduku cha zahanati nyuma yake. Wangefikiri nini kingine?

Polisi nao walikuja. Bazilio, mdomo umeshonwa, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti, aliwajibu taratibu kwamba alikuwa na gunia kichwani na hakumwona mtu. Sylvesta alisikia mwili wake wote unapumua, kisha akaona haya kwa pumzi hiyo.

Polisi walipotoka, Bazilio akamwita kwa kidole. Sylvesta akainama.

"Kaka, nilikusikia ukikohoa," alisema. "Nikasema moyoni, kaka amefika, nimepona. Mdomo ulikuwa hausemi. Ndiyo nikautikisa mguu, ili unijue."