Kimya cha Latifa

Mtaa mzima pale Muyinga, Burundi, ulisema mtoto wa Amisa amepona. Amisa peke yake ndiye aliyeanza kumwogopa.

Latifa alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu utoto hakujua kukaa. Aliunguza maharagwe, alipoteza kandambili mguu mmoja mmoja, alianza hadithi tatu kwa pamoja asimalize hata moja. Hospitalini Gitega waliwaeleza kuwa ni ugonjwa wa kutotulia, akili haikai mahali pamoja. Mtaani waliuita ukorofi. Amisa mwenyewe, Mungu amsamehe, alizoea kusema binti huyu kaumbwa miguu, makalio yakasahauliwa.

Basi baada ya Idi, Latifa akanyamaza. Akiambiwa keti, anaketi. Baba yake Mahmudu, fundi cherehani, akafanya sadaka ya shukrani: pilau ikapikwa, dua ikasomwa, na Latifa akawanawisha wageni mikono bila kumwaga tone.

"Sasa mutoto iko na amahoro," jirani yao Hidaya akasema.

Amani gani hiyo? Nyumba ilikuwa imepoa kama ya matanga wageni wakishaondoka. Amisa alikuwa akiita mara tatu ndipo aitikiwe, na sauti iliyoitika hakuijua.

Alasiri moja aliketi kitandani kwa binti yake kukunja nguo alizoanua adhuhuri na kuzitupa pale bila kutazama. Alikunja huku akiimba kidogo. Kanga, shati, shuka. Mkono ukagusa kitambaa chenye joto, na kitambaa kikapumua.

Latifa alikuwa chini ya rundo lile, macho wazi.

"Ni mi nilikutupia manguo? Na we ukanyamaza?"

"Haikuwa mazito, mama."

Amisa akamfunua nguo moja moja. Jioni alimweleza mumewe.

"Mwache," Mahmudu akasema. "Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Na kimya kingi kina mshindo mkuu," Amisa akamjibu. Kesho yake alfajiri akampandisha binti gari la Gitega.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Klara, mama aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Aliuliza Latifa anakula nini, analala saa ngapi, na vile alivyovipenda zamani kama bado anavipenda. Amisa akajibu kwa mambo ya mwaka jana.

"Watoto wenye ugonjwa huu, sonona, huzuni isiyoondoka, huwapata upesi," Klara akasema. "Wanazimika polepole, na sisi tunasema wametulia."

Kisha akamgeukia Latifa, akamuuliza bila kuzunguka: "Umewahi kuwaza kujiua?"

Amisa alitaka kupiga kelele, neno kama hilo mbele ya mtoto! Lakini Latifa hakushtuka. Alijibu taratibu, kama mtu aliyechelewa kuulizwa.

"Nilipoanza kupotea, wote mulifurahi. Mukapika na pilau. Mi nikawaza, bon, basi, nimalize."

Klara akaushika mkono wake. Akasema leo hawarudi Muyinga mpaka daktari amwone, matibabu yapo, na asiachwe peke yake hata dakika. Amisa aliyasikia kwa mbali.

"Sikufurahi, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimechoka, nikapumzika. Nisamehe."

Latifa akaanza kulia, kwanza kidogo, halafu kwa sauti, mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka kutazama. Amisa hakumnyamazisha.