Mke Mmoja, Mzima

Jumanne asubuhi Bayuo, mtunza stoo wa hospitali, aliingia nyumba ya daktari na kopo la rangi nyeupe na brashi iliyobaki nywele sita. Alikuwa anaandika namba vitu vya serikali. Kitanda, namba moja. Meza, mbili. Feni isiyozunguka, kumi na nane. Dzifa, mke wa daktari mpya, alikuwa amekaa kwenye kiti namba tano anakunywa uji, kavua viatu. Bayuo akapiga goti, akamwandika ishirini na tatu kwenye kisigino, akapuliza ikauke.

"We mzee, unafanya nini?"

"Usikanyage chini, mama. Bado mbichi."

Akamwonyesha orodha, iliyopigwa chapa miaka mingi kabla Dzifa hajausikia mji huu. Ishirini na mbili: pasi, moja, mbovu. Ishirini na tatu: mke, mmoja, mzima. Ishirini na nne: vyandarua, viwili, vina matundu.

Mchana mumewe, Dokta Ofosu, alikitazama kile kisigino. "Mwandiko mzuri," akasema, akaulizia supu.

Sasa huyu Dzifa alikuwa mpima ardhi. Kule Tema alikuwa na ofisi, vijana wanne chini yake, na chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu. Wakubwa walipomuuliza Ofosu kwenye usaili kama mkewe yuko tayari kuhamia huku kaskazini, alijibu, "Hana neno." Na kweli hakuwa na neno, maana hakuwepo.

Akaenda kwa katibu wa hospitali, palepale uani, kuomba kazi. Hospitali na ukoo wa Ziem walikuwa wanagombania mpaka wa shamba, mwaka wa nane huo, wanamsubiri mpima ardhi atoke mjini. Katibu akamwambia ainue mguu, akasoma.

"Dada, wewe samani. Nikikuajiri wewe, kesho kabati nalo litaniletea vyeti."

Mwezi wa tatu ikaja barua kutoka Kumasi. Kampuni ya upimaji inamtaka, afike Alhamisi kabla ya saa nne, asipofika anachukuliwa mwingine. Jumatano asubuhi akabeba begi na chombo chake. Kufika getini, miguu ikakakamaa kama ya meza. Hakuanguka. Alisimama tu.

"Mali ya hospitali haitoki bila fomu, madam," akasema Saaka, mlinzi. "Wiki jana nimerudisha jokofu. Nalo lilikuwa na begi."

"Nani anasaini?"

"Aliyekabidhiwa."

Aliyekabidhiwa alikuwa mumewe. Dzifa akarudi na fomu. Kurudi ndani miguu haikuwa na shida. Akamkuta Ofosu ananawa mikono.

"Weka hapo, mpenzi. Nitasaini kesho."

"Kesho ndiyo Alhamisi."

"Basi kesho kutwa. Kwani hapa umekosa nini?"

"Nimekosa kuulizwa."

Ofosu akaitwa wodini. Watu hawa wanaweza kupasua tumbo na kurudisha kila utumbo mahali pake, lakini kalamu ikiwa ya kumfaa mke, inawalemea.

Alhamisi saa nne ilimkuta Dzifa amesimama getini, kanga wa akina Ziem wanapita katikati ya miguu yake. Saa tano Saaka akampakia kwenye mkokoteni, akamrudisha sebuleni, akamgeuza atazame nje dirishani, kama alivyomkuta getini.

Baada ya miaka miwili Ofosu akapata nafasi ya kusomea ubingwa Accra. Fomu yake ilisainiwa siku hiyohiyo. Akambusu mkewe kwenye paji la uso, akaahidi kuiandikia wizara. Bayuo akakagua nyumba: kitanda kipo, pasi ipo, bado mbovu, mke yupo. Akaweka alama.

Daktari aliyefuata alikuja na mke wake, mwalimu wa fizikia. Orodha ilitaka mke mmoja. Ziada huenda stoo, na Dzifa akaenda na chombo chake.

Stoo walikuwamo watatu tayari, wamekaa juu ya magodoro: mwokaji mikate, mwanasheria na mkunga.

"Karibu, ishirini na tatu," akasema mkunga.

"Nyie ni namba ngapi?"

"Hiyohiyo, shoga. Sogeeni, mwenzenu kaja na miguu mitano."

Nje kulikuwa na mkutano. Mkuu wa wilaya alikuwa analia kwenye kipaza sauti kwamba vijijini hakuna mkunga, hakuna mwanasheria wa kuwatetea wanyonge, mpima ardhi ndiyo kabisa, na mkate unatoka mjini umeshaota ukungu. Wataalamu hawataki kuja, alisema. Watu wakapiga makofi. Mkunga akaongeza sukari kwenye uji.

Dzifa akasimamisha chombo chake kwenye dirisha, akapima. Ukuta wa stoo ulikuwa umeingia shamba la akina Ziem mita mbili na nusu. Akaandika hivyo ukutani kwa chaki, akaweka na tarehe.

Kesho yake Bayuo alileta feni mbovu, akayasoma yale maandishi mpaka mwisho. Akachovya brashi, akayafuta kwa rangi nyeupe.

"Tusichafue ukuta, mama," akasema. "Mpima ardhi anakuja."